Ukianguka, Taja Jina

Mtu akikwambia Houston hakuna mlima, mwambie hajafika kwetu. Sisi tunao mmoja, tumeujenga wenyewe, na watu wanauteremka kwa skii, yale mabapa marefu ya kufungwa miguuni, Desemba na Julai, theluji iwepo isiwepo. Na haijawahi kuwepo. Mie ni Khairiya, mzaliwa wa Mombasa, huu mwaka wa ishirini na mbili niko Texas, na nakuhadithia mwenyewe kwa sababu wale wenzetu wa jumuiya ya Dallas wakija hapa, wakirudi kwao huhadithia mambo mengine, wakajitia nao walikuwa na mkono. Hawakuwa na mkono. Walikuja na basi, wakala mahamri yangu, wakaanguka, wakarudi.

Mlima wenyewe ulianza kwa adabu. Jumuiya yetu ni ya watu wanaozungumza Kiswahili upande huu wa kusini-magharibi wa mji, Wakenya, Watanzania na Wakongomani, wa msikitini na wa kanisani, na ilikuwa na kiwanja nje kidogo ya Sugar Land. Kilinunuliwa kwa ajili ya mpira na sherehe. Tatizo ni kwamba kilikuwa bondeni. Mvua ikinyesha siku mbili ungeweza kufuga samaki. Mume wangu, Abdulhafidh, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la kumwaga udongo. Wakati ule, baada ya yale mafuriko makubwa, kaunti ilikuwa inachimba bwawa la kupokea maji ya mvua si mbali na hapo, na udongo wote ule haukuwa na pa kwenda. Akawauliza wakubwa wake, wakafurahi kupata pa kumwaga karibu. Akaja mkutanoni akasema, jamani, niwaletee udongo kidogo tuinue kiwanja? Watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la watu kama sisi tu. Kwetu mtu akikuletea kitu humwambii inatosha. Hata ukiwa umeshiba hadi hapa kooni, utasema ahsante na utapokea sahani nyingine. Abdulhafidh alileta lori la kwanza, wakamshukuru. Akaleta la kumi, wakamshukuru. Kila alipouliza kama aendelee, aliyekuwepo pale alimjibu, ukipenda, baba, usijichoshe tu, na jibu hilo si ndiyo wala si la. Mwenyekiti wetu ni Loice, nesi kutoka Kisumu, mwanamke anayeweza kumfokea daktari mkubwa hadharani, lakini hata yeye alidhani katibu ndiye atakayemwambia basi. Katibu ni Kigen, kijana wa Eldoret anayetunza mafaili ya hospitali na kuyapenda kama watoto, na yeye alidhani jambo lile kwa mujibu wa katiba ni la mwenyekiti. Mume wangu naye, kwa adabu zake, aliona akiacha kuleta kabla hajaambiwa aache atakuwa amewavunja moyo. Ikawa miezi minne. Siku tuliyokwenda kupima mahali pa kusimamisha magoli, tukakuta kiwanja cha mpira kina mlima wa futi hamsini na tano.

Nilimuuliza, wewe mwanamume, umefanya nini? Akanijibu kwa upole wake ule uliokuwa ukinikera:

"Hawakusema basi."

Mkaguzi wa kaunti alikuja, akapima, akachimba vishimo, akaandika. Alisema udongo umeshindiliwa vizuri kuliko barabara nyingi alizokagua, ila tusijenge nyumba juu yake. Abdulhafidh alitembea kwa majivuno wiki nzima kwa maneno yale.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kuamua mlima ufanywe nini. Kuna waliotaka usambazwe, kuna waliotaka upandwe mihogo. Akasimama Faraj, shemeji yangu, mdogo wake Abdulhafidh, ambaye ni fundi wa magari na ana gereji yake Gulfton. Alisema ameona tangazo kwamba kule kaskazini kuna kiwanja cha michezo kinafungwa, na wanagawa zulia lao la skii. Zulia la plastiki, gumu, lenye meno kama brashi ya kusugulia sakafu. Ukilimwagia maji linateleza, na mtu anateremka juu yake kama yuko kwenye theluji. Na skii zenyewe pia wanagawa, na viatu. Watu walicheka robo saa. Mzee mmoja wa Lubumbashi alicheka hadi akaletewa maji. Kisha mtu akauliza ni bei gani, na Faraj akasema bure, tukachukue wenyewe. Neno bure likamaliza mkutano.

Ndugu hao wawili waliazima trela, wakaenda siku tatu, wakarudi siku tatu, wakaleta zulia la kutandika mtaa. Tukaanza msaragambo kila Jumamosi. Wanaume walichonga ngazi ubavuni. Wanawake tulishona vipande vya zulia kwa waya na kuvipigilia vigingi, Loice na manesi wenzake wakitoka zamu moja kwa moja na nguo zao za kazi. Faraj akachukua injini ya Camry iliyogongwa nyuma, akaifunga chini ya mlima, akaizungushia kamba ndefu. Unaishika ile kamba, inakuburura hadi juu. Ikinguruma unaisikia mpaka barabara kuu.

Hebu nikueleze ulivyo, kwa sababu bila hivyo hutanielewa. Kileleni ni pana kama sebule mbili, unaona mapaa ya Sugar Land, na siku ya anga safi unaona maghorofa ya katikati ya Houston. Kutoka hapo unashuka ghafla, mteremko mkali, kisha unafika mahali palipolala kidogo panapopinda kushoto. Hapo tunapaita begani. Baada ya begani mlima unagawanyika. Kulia ni kwa wanaojifunza, kuna matuta madogo madogo, na njia inaishia kabla ya tambarare. Kushoto ni kwa wajuba, unashuka bila kupumua mpaka tambarare ya chini, na mwisho wa tambarare ndiko ninakoweka meza yangu ya chai.

Lile bega ni kazi ya mume wangu peke yake. Mwanzoni palikuwa na shimo linalotuama maji, na yeye halikumpa usingizi. Alileta malori saba ya mwisho, akaacha lori, akashika koleo, akalichonga wiki mbili baada ya kazi, jua la Agosti la hapa linalounguza mpaka kivuli. Ukingo wa nje akauinua kidogo, kama ukingo wa sinia. Nilimpelekea uji akaunywa amesimama. Aliniambia ukingo ule ni wa kumrudisha mtu ndani akitaka kutoka. Siku ya Ijumaa akamaliza, akajichagulia viatu na skii zake katika lundo, akaziandika jina lake ubavuni kwa kalamu nene. Jumatatu aliswali adhuhuri nyumbani, akakaa kwenye kiti, na moyo ukasimama. Hakuwahi kuzivaa.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi katika fleti yetu ya Sharpstown, na mlima ukafunguliwa mie nikiwa ndani. Sikumlaumu mtu, wangengojaje? Lakini kila Jumamosi jioni binti yangu Tasnim, ambaye anasomea ufamasia, alirudi akiwa na mikwaruzo na hadithi, na nusu ya hadithi nilizisikia huku nikilia na nusu huku nikicheka.

Alinihadithia majina yalivyoanza. Wa kwanza kabisa kuteremka alikuwa Loice, kwa kuwa ni mwenyekiti, na wa kwanza kabisa kuanguka. Tangu siku hiyo watu wakasema, angalia usiangukie pale kwa Loice. Na Loice akaweka sheria ya kinesi: mtu akianguka, walio chini wamuulize kwa sauti, "Nani huyo?" na aliyeanguka lazima ataje jina, ijulikane kichwa ni kizima. Basi jina linalotajwa ndilo linalobaki pale, kama vituo vya gari vya kwetu vinavyobeba jina la mwenye duka. Ikawa Kwa Loice, Kwa Faraj, Kwa Tasnim, wote hao upande wa wajuba, kwa sababu kila mtu akitoka begani huona mwendo umezidi, anageuza skii apunguze, na skii inanasa kwenye mshono wa zulia. Begani penyewe hakuna aliyeanguka. Ukingo haukubali.

Kisha, eda yangu ikiwa imekwisha, wakaja wa Dallas na Patroba wao. Patroba ni wakala wa nyumba, amewahi kwenda Colorado mara mbili, na hizo mara mbili tulizisikia asubuhi nzima. Akavaa miwani ya rangi ya dhahabu. Akapita begani vizuri, akageuza kwa madaha, akaruka hewani viatu juu. Loice akauliza, nani huyo? Mwanamume wa miaka arobaini na mitano akajibu kwa sauti ya mlima mzima, "Mama!" Kigen akaandika. Mahali pale panaitwa Kwa Mama hadi leo, na Patroba alikata rufaa mara mbili akashindwa.

Kigen aliyaingiza yote katika katiba. Ibara ya kumi na moja: mahali pataitwa kwa jina litakalotajwa na aliyeanguka hapo, na si vinginevyo. Kuhusu jina la mlima mzima, huko ndiko kulikokuwa na vita. Watanzania walitaka Kilimanjaro Ndogo, Wakenya wakanuna, Wakongomani wakasema wao wana milima inayotoa moto na hawajajigamba. Ilipofika mikutano sita, Kigen akawafunga midomo kwa ibara ya kumi na mbili: mtu wa kwanza atakayeshuka kwa skii kutoka kileleni hadi tambarare bila kuanguka, yeye ndiye atakayeutaja jina. Wote wakakubali, kila mmoja akijiona yeye. Miaka miwili ikapita, na wote wakawa na mahali pao pa kuanguka, na mlima ukawa unaitwa mlima.

Mie nilipotoka eda nikarudi na meza yangu ya chai. Sikupanda. Nilikaa chini, nikauza mahamri, nikazigombeza foleni, na kila mara macho yakinipanda begani. Watu walikuwa wakiyataja yale majina kama majina ya mitaa. Tukutane Kwa Faraj. Mwagia maji Kwa Loice, pamekauka. Na yule aliyeuleta mlima, koleo kwa koleo, hana hata tuta. Iliniuma, sikufichi. Iliniuma kuliko nilivyomwambia mtu.

Mwaka huu mwezi wa tatu, mkutanoni, Kigen alitangaza kwamba ramani ya mlima itachorwa kwenye ubao wa chuma, rangi isiyofutika. Nuha, binti anayeandika mabango, atauchora Jumamosi ijayo. Baada ya hapo ramani imefungwa, haiongezwi jina, maana nakala itapelekwa kwa watu wa ambulensi na hatuwezi kuwabadilishia kila wiki. Nikanyoosha mkono. Nikaomba begani paitwe Kwa Abdulhafidh.

Watu wakakubali kwa vichwa, wengine wakafuta macho. Kigen akafungua faili. Akasoma ibara ya kumi na moja, polepole, kama anayesoma cheti cha kifo. Mzee hakuanguka pale. Hakuanguka popote.

Yakhe, nilisema! Nilisema hadi Tasnim akanivuta buibui. Nilisema Kigen angekuwa anasimama kwenye maji ya magoti kama si mume wangu. Nilisema kuna mahali panaitwa Kwa Mama kwa sababu ya mtu wa Dallas aliyesahau jina lake, na Abdulhafidh hana. Loice, kwa kutaka kutuliza, akasema tunaweza kumwekea benchi, lenye kibao. Nikamwambia mume wangu alikaa kwenye kiti cha lori miaka kumi na tisa, mwacheni, kukaa kumemtosha.

Baada ya mkutano Kigen alinifuata mezani. Alikuwa haniangalii usoni.

"Mama Tasnim, mimi nilimpenda mzee," akasema. "Lakini nikivunja ibara leo kwa ajili ya ninayempenda, kesho nitaivunja kwa ajili ya ninayemwogopa."

Nilijua anayeogopwa ni mie. Na kwa hasira zangu zote nikajua vilevile kwamba Abdulhafidh angemuunga mkono. Alikuwa mtu wa kusimama kwenye taa nyekundu jangwani. Nikamfungia Kigen mahamri mawili, akaenda zake.

Jumatano nilikuwa nakanda unga, Tasnim anasoma mezani, tunapiga soga. Akanikumbusha Patroba anavyokasirika watu wakisema wanashukia Kwa Mama. Mkono wangu ukasimama ndani ya unga. Nikanawa, nikampigia Kigen kazini. Nikamuuliza, mtu akianguka akataja jina lisilo lake, inakuwaje? Nikasikia karatasi zikifunguliwa. 

"Linalotajwa ndilo linaloandikwa," akasema. "Kwa Mama ipo."

"Basi Jumamosi nitaanguka begani," nikamwambia.

Tasnim alinijia juu kwa Kiingereza, kama wanavyofanya watoto wa hapa wakiona mzazi amerukwa na akili. Nina miaka hamsini na nane, nina goti bovu, sijawahi kuvaa skii hata nyumbani kwenye zulia. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sikuulizwa sifa, nimeulizwa kuanguka, na kuanguka hakuhitaji mafunzo. Aliponyamaza nikamwambia la kweli. Nikamwambia baba yako alikufa jina lake likiwa kwenye skii tu, na skii zenyewe ziko stoo nyuma ya mikrowevu mbovu. Akaja akanikumbatia na unga wangu.

Jumamosi habari zilikuwa zimeshafika Dallas. Basi lilikuja asubuhi, Patroba mbele, na sikumwona kuwa na furaha kama ile tangu siku ile aliyoanguka. Nuha alikuwa ameshasimamisha ubao wake na makopo ya rangi, na begani ameacha pengo jeupe. Loice alinipima presha mara mbili, akanikagua goti, akaniomba kwa jina la urafiki wetu niache. Nikamwambia kama ananipenda anivalishe kofia ngumu. Akanivalisha juu ya ushungi, akafunga kamba kidevuni huku midomo inamtetemeka kwa kicheko na hofu.

Nilivaa koti la kazi la Abdulhafidh, lile la rangi ya chungwa lenye milia inayong'aa. Viatu vyake vya skii nilivijaza soksi tatu tatu. Ile kamba ya Faraj niliikataa, nikapanda ngazi kwa miguu, Tasnim nyuma amebeba skii za baba yake, na kila ngazi kumi nilisimama nikajitia natazama mandhari. Faraj alizima injini. Mlima mzima ukawa kimya, na kimya kile ndicho kilichonitisha.

Kileleni Tasnim alipiga magoti akanifunga skii. Akanionyesha: magoti yakunje, mikono mbele, ukitaka kusimama geuza ncha. Nikamwambia sitaki kusimama, nataka kuanguka. Nikatazama chini. Begani palionekana karibu, kama unaweza kuparukia, na watu wamejipanga pande zote mbili. Kigen amesimama pale ukingoni, kalamu mkononi, faili limefunguliwa. Nikaona alivyovaa tai. Jumamosi, kwenye tope, kijana wa watu amevaa tai kwa ajili ya kuanguka kwangu.

Nikasema bismillahi, nikajiachia.

Kitu cha kwanza kilichonitoka ni pumzi, cha pili ni akili. Ule mwendo haufanani na kitu chochote nilichowahi kufanya. Begani pakanijia mbio. Nikasema, hapa, Khairiya, sasa. Nikajilaza kushoto, upande wa ukingo, nikafumba macho, nikafungua mdomo na jina likiwa tayari, nikalipiga kwa nguvu zote: "Abdulhafidh!"

Sikuanguka. Skii zilipanda ule ukingo wa sinia, ukaninyanyua, ukanigeuza, ukanirudisha ndani kama mtu anayekushika bega. Nilijitupa tena, ukanirudisha tena. Wallahi nilijua mkono ule. Nikalitaja jina mara ya pili nikiwa bado nimesimama wima, na bega likaisha, na mie niko upande wa wajuba.

Wenzangu wote hapo waligeuza skii. Mie sijui kugeuza. Nilikunja magoti kama alivyonionyesha Tasnim, kwa uoga na si kwa ufundi, nikashuka moja kwa moja kama gunia la mchele lililokatika kamba. Nikapita Kwa Faraj. Nikapita Kwa Loice, Kwa Tasnim, Kwa Mama. Nilimwona Patroba amevua miwani yake. Na muda wote nilikuwa nalitaja lile jina, kwa sababu lilikuwa limeshafunguka na sikujua pa kulifungia. Nililitaja mlima mzima. Tambarare ikanipokea, skii zikaanza kukwama kwenye zulia kavu, mwendo ukapungua, ukapungua, na nikasimama nikiwa nimeweka mkono juu ya meza yangu mwenyewe, karibu na birika.

Mie machozi yakaanza kunitoka, ya hasira. Nilikuwa nimekuja na jambo moja tu, dogo, ambalo hata watoto wa miaka sita wanalifanya mlimani mara kumi kwa siku. Nikamwambia Loice, aliyekuwa wa kwanza kunifikia, kwamba hata kuanguka nimeshindwa, na goti halikubali kurudi juu. Nikamwona Nuha ameshika brashi, na lile pengo jeupe begani halijaguswa.

Kigen akaja anakimbia kutoka begani, tai imemrukia mgongoni, anashuka ngazi mbili mbili. Nikasema moyoni, huyu sasa akinisomea ibara ya kumi na moja nitammwagia chai. Akafika, akasimama, akakosa pumzi.

"Ibara ya kumi na mbili," akasema.

Mie nilikuwa nimeisahau. Wote walikuwa wameisahau, naona, kwa sababu nilisikia watu wakivuta pumzi mmoja baada ya mwingine, toka juu hadi chini. Akaisoma yote, neno kwa neno, na sauti ikamkatika katikati, akaanza tena. Mtu wa kwanza atakayeshuka kwa skii kutoka kileleni hadi tambarare bila kuanguka. Kisha akaniuliza rasmi, kama katibu, akiwa ameishika kalamu:

"Mama Tasnim, mlima huu unaitwaje?"

Nilitaka kujibu vizuri. Nilitaka kusema maneno. Nilichoweza ni lile jina tu, na safari hii lilitoka dogo, kama nilivyokuwa nikimwita nyumbani chakula kikiwa tayari.

"Abdulhafidh."

Akaandika. Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka. Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Dallas, wote. Mzee wa Lubumbashi alikuwa akipiga kofia ngumu kwa kijiko, na Faraj alikuwa amekaa chini kando ya injini yake amejifunika uso. Nami kwa furaha nikarudi nyuma hatua moja nimkumbatie Tasnim, aliyekuwa ameshashuka mbio hadi nyuma yangu, nikasahau kwamba nimevaa skii. Nikaenda chali. Nikaondoka na kitambaa cha meza, sukari, na sinia la mahamri.

Loice alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ananiona, ananijua miaka kumi na tano. Lakini mazoea ni mazoea. Akaniuliza kwa sauti yake ya wodini nani huyo.

Nilikuwa nacheka hata siwezi kuinuka. Nikamjibu, "Khairiya."

Na Kigen akaandika.

Njoo uone ubao. Nuha aliuchora siku ileile, na kwa kuwa jina la mlima halikuwa limepangiwa nafasi, alilipitisha kutoka kileleni, likavuka begani, hadi mguuni, herufi kubwa za buluu: Kwa Abdulhafidh. Majina mengine yote yako ndani yake. Chini kabisa, pale penye alama ya kikombe, ameandika Kwa Khairiya. Jumamosi mie nipo, na mahamri yapo tangu saa mbili asubuhi. Ukila moja nitakuwekea la pili, na la tatu, na usitarajie niseme basi. Yeye hakuambiwa basi, na mie siambiwi.